Mawe ya Bandari Yetu

Katika kazi ya ualimu tuliyoifanya hapa Kalemie muda wa miaka thelathini na minne, kila mwaka lilikuwako somo moja tulilolipenda kuliko mengine yote. Ni somo la vita vya ziwa, vile vya mwaka 1915 na 1916. Siku ya somo hilo hata mtoto mvivu alikaa wima. Tulichora ziwa ubaoni kwa chaki, Kigoma upande wa mashariki na mji wetu upande wa magharibi, tukazionyesha meli za Wajerumani, kisha tukazileta mashua mbili za Waingereza kutoka mbali sana, juu ya milima. Kengele ilipolia wanafunzi walinung'unika kwa kuwa somo limekwisha. Nasi, tukubali kosa letu, tuliona fahari kwa manung'uniko hayo.

Basi, miaka miwili iliyopita, hali tumekwisha kustaafu, Padri wetu alituomba tuwasimulie watoto wa Kipaimara habari hizo siku ya Jumapili baada ya Misa. Tuliwapeleka ufukoni, mahali ambapo bandari yaonekana vizuri, tukawasimulia kama tulivyozoea. Mwisho tukauliza, kwa desturi ya walimu, kama yuko mwenye swali. Msichana mmoja mwenye umbo dogo akainua mkono.

Akasema, "Mwalimu, Waingereza walioleta zile mashua walikuwa wangapi?"

Tukamjibu ya kwamba hawakufika hata thelathini.

"Na watu wasiofika thelathini waliwezaje kuzivusha mashua milimani?"

"Walisaidiwa na wenyeji, mwanangu."

"Wenyeji gani, Mwalimu? Walikuwa wakiitwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Miaka thelathini na minne tulifundisha somo lile, na hakuna siku tuliyojiuliza neno hilo. Watoto walitutazama, nasi tukatazama ziwa.

Karibu nasi alikuwa ameketi mama mzee mwuza ndagala, aliyekuwa akisikiliza kimya tangu mwanzo. Watoto walipotawanyika alitwambia, bila kuinua macho katika ungo wake, "Mwalimu, mawe ya bandari hii nkambo yangu aliyabeba. Ukitaka majina, njoo kwangu. Lakini uje na moyo wa kusikia."

Tulimwahidi kwenda juma lile lile. Hatukwenda. Kwanza tulirudi kwenye vitabu vyetu, maana mwalimu akiaibishwa na mtoto hukimbilia vitabu. Ndani yake tulikuta majina ya maofisa na ya meli. Tulikuta hata habari za mbuzi mmoja aliyekuwa ndani ya meli ya Wajerumani siku ilipopigwa, akapona. Mbuzi huyo amepata nafasi yake kitabuni. Mbeba mawe hakuipata.

Ili tusimwonee mtu, na tuanze mbali kidogo.

Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673, na kina chake chapita meta 1,400. Duniani kote ni ziwa moja tu lililo na kina kuliko hili, nalo ni Baikal la Urusi. Mito mingi yaingia ziwani, lakini wa kutoka ni mmoja, ndio Lukuga, upitao hapa kwetu kwenda kuungana na Lualaba. Kwa hiyo pwani yetu ni kama mlango wa nyumba. Mwingereza Cameron aliufikia mlango huo mwaka 1874, na baada yake walipita wengi, wenye biashara, wenye bunduki na wenye Injili.

Siku zile misafara ya watumwa ilishuka kutoka bara, ikavushwa ziwa kwenda Ujiji, na kutoka Ujiji kwenda pwani ya bahari. Mwaka 1883 Mbelgiji Emile Storms alijenga kituo huko Mpala, kusini ya mji wetu. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Mapadre Weupe. Mwaka 1887 akaja Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Baba Mtakatifu, akajitolea kuwalinda watu wa misioni na vijiji vyake wasitekwe. Alimwoa Agnes Atakao kwa ndoa takatifu mwaka 1888, wakalea watoto wao katika nchi hii, naye hakurudi tena Ulaya, akafa mwaka 1927 upande wa Moba. Twamheshimu, na haki yake tusimnyime. Lakini hata hapo yafaa kuuliza swali la yule msichana. Kapteni hakusimama peke yake mbele ya wateka watu. Waliosimama naye walikuwa vijana wa Marungu na watu waliokombolewa utumwani, ambao majina yao hatuyasikii siku ya kuhubiriwa.

Tena historia ya kweli haina budi kutaja na yale yasiyopendeza. Mwezi wa Desemba mwaka 1884, kabla misioni haijapokea Mpala, Storms alituma watu kumshambulia mtemi Lusinga, wakamwua, na kichwa chake kikakatwa. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, likawekwa makumbushoni pamoja na mafuvu ya watemi wengine, na sanamu ya ukoo wake ikachukuliwa pia. Wengine husema Lusinga mwenyewe alikuwa mteka watu, na jambo hilo ni kweli, aliwauza wengi. Lakini uovu wa mtu haumfanyi kuwa mnyama wa kuwindwa. Sanamu ya Storms ilisimama Brussels muda mrefu sana, ikaondolewa mwaka 2022. Mambo haya mawili, Joubert na Lusinga, ni ya pwani moja na miaka ya karibu sana. Asimuliaye la kwanza akaficha la pili amesimulia nusu.

Mwishoni mwa mwaka 1891 akafika Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa. Alijenga ngome katika mwambao huu akaiita Albertville, kwa jina la mwana wa ndugu ya mfalme, yaani Albert, aliyekuja kuwa mfalme baadaye. Mwaka 1892 ngome ilishambuliwa na watu wa Rumaliza, yule mfanya biashara mkubwa wa Ujiji, nayo haikuanguka. Mwaka 1914 Jacques huyo huyo, sasa mzee, aliongoza askari wake kuulinda mji wa Dixmude, karibu na bahari ya Ulaya, katika vita vikuu vya dunia. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo vita vile vile vilifika katika pwani aliyoijengea ngome ujanani.

Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani iitwayo Hedwig von Wissmann ilivuka kutoka ng'ambo, ikaipiga kwa mizinga meli ya Wabelgiji iitwayo Alexandre Delcommune hapa Lukuga, ikaiharibu. Tangu siku ile ziwa lote lilikuwa la Wajerumani. Walikuwa na meli nyingine ndogo, Kingani, na mwezi wa Februari mwaka 1915 wakaishusha majini huko Kigoma meli kubwa sana, Graf von Götzen, iliyokuwa imeundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku elfu tano. Upande wetu reli kutoka Kabalo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 270, ilifika ziwani mwezi wa Machi mwaka 1915. Reli ilikuwako, lakini meli ya kupigana haikuwako.

Hapo ndipo wanapoingia Waingereza wetu wa ubaoni. Serikali yao ilituma mashua mbili za mota, kila moja urefu wa meta kumi na mbili hivi, chini ya ofisa Spicer-Simson. Aliziita Mimi na Toutou, kwa lugha ya Kifaransa kama vile kuita paka na mbwa. Watoto hucheka sana hapo, maana wao wasikia kwamba mashua yaitwa mimi. Zilipakiwa Uingereza mwezi wa Juni mwaka 1915, zikafika Cape Town, zikapanda gari moshi mpaka Katanga. Huko Fungurume zikashushwa, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na milima ya Mitumba, na ilipasa zivutwe njia ya kilomita 230 hivi mpaka kuipata reli nyingine. Kisha zikateremka Lualaba, zikikwama mara nyingi katika mchanga, mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo gari moshi likazileta kwetu mwisho wa Oktoba.

Vitabu husifu akili ya ofisa yule na nguvu za magari mawili ya mvuke yaliyovuta mashua. Sawa, lakini tuvisome tena polepole, vitabu vile vile. Njia ilipasuliwa msituni kwa mashoka. Nani alishika mashoka? Madaraja mengi yalijengwa kwa miti. Nani alikata miti ile? Magari ya mvuke hula kuni na hunywa maji kama tembo, na wakati ule ulikuwa wa kiangazi. Imeandikwa kwamba maji yalipokosekana, wanawake wa vijijini waliyaleta kwa mitungi vichwani, kutoka mbali. Mstari mmoja tu, halafu kitabu chaendelea na mambo ya maofisa. Sisi tuliusoma mstari huo mara nyingi, wala hatukuwaambia watoto kwamba pasipo mitungi ya mama zetu mashua zile zingaliozea juu ya mlima.

Mashua zilipofika hapa hazikuwa na mahali pa kukaa. Mwambao wetu wapigwa na mawimbi makali, hasa wakati wa pepo za kusini, na chombo kidogo kisicho na kimbilio huvunjika. Kwa hiyo, kabla ya vita, ilipasa kujengwa boma la mawe ndani ya maji, kando ya kijito cha Kalemie ambacho mji umekipokea jina lake. Mawe yalivunjwa katika magenge, yakabebwa, yakatupwa ziwani, siku baada ya siku, mpaka Desemba. Hayo ndiyo mawe aliyoyasema mama mwuza ndagala.

Yaliyobaki yajulikana. Tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Noeli, nayo ilikuwa Jumapili, Kingani ilikuja kuchungulia, na mashua zikatoka kuikamata. Mapigano hayakufika robo saa. Nahodha wake alikufa, meli ikatekwa, ikatengenezwa ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Mwezi wa Juni ndege za Wabelgiji, zile zenye kutua majini, ziliruka kutoka upande wa Mtoa zikatupa mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, isije ikashikwa na adui. Jeshi la Kongo likaingia Kigoma mwezi ule ule, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora.

Hapa kitabu hufungwa na bendera hupandishwa. Lakini askari hawakula bendera. Chakula chao, risasi zao na mizinga iliyofunguliwa vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Katika vita vile jeshi la Kongo liliwatumia wachukuzi zaidi ya laki mbili, na wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kwa njaa na kwa kuchoka.

Zilipita siku, tena zikapita Pasaka na mvua, ndipo tulipokwenda kwa yule mama. Alitupokea vizuri, akatupa kiti, yeye akaketi juu ya mkeka. Tulikuwa na daftari jipya na kalamu mbili.

Akasema, "Nkambo yangu alitoka kijiji cha juu, kando ya Lukuga. Mtemi aliambiwa atoe watu, akatoa wale wasio na mtu wa kuwasemea. Walikwenda yeye na mdogo wake. Walibeba mawe kutoka jua kuchomoza hata kuchwa. Jiwe moja lilimwangukia mkononi, vidole viwili vikavunjika. Nilipokuwa mtoto nilivishika, vilikuwa vimepinda kama kucha za ndege. Mawe yalipokwisha, wakavushwa ng'ambo pamoja na mizigo ya askari. Mdogo wake alifia njiani kabla ya Tabora. Nkambo hakuonyeshwa kaburi, maana msafara haukusimama."

Tuliandika. Tukamwuliza majina yao, akatupa yote mawili, nasi tukayaandika kwa herufi kubwa. Kisha tukamwuliza kama alikumbuka jina la mtu mwingine ye yote wa kazi ile.

Alinyamaza kidogo. "Namkumbuka kapita wao. Yeye alisimama pwani na kamba mkononi, akifunga fundo kwa kila mawe kumi. Asiyetimiza mafundo yake hakupewa posho, tena alipigwa."

"Alikuwa nani, Mama?"

"Mwanangu, nyumbani kwa baba yako haikuwako fimbo ya ngozi ya kiboko, imetundikwa juu ya mlango?"

Kalamu ilisimama. Fimbo hiyo twaikumbuka. Ilikuwa nyeusi, imekauka kama mzizi, na baba yetu hakuturuhusu kuigusa. Tulipokuwa watoto tulidhani ni ya kuulia nyoka. Tulipouliza kazi ya babu, tuliambiwa alifanya kazi bandarini, basi. Nasi tulijivunia neno hilo, tukalisema hata darasani: babu yetu alijenga bandari.

Tulitaka kumwambia mama yule kwamba pengine amekosea, kwamba makapita walikuwa wengi, na kwamba mtu yule alilazimishwa na wakubwa wake. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Lakini yeye alikuwa hakutushtaki. Aliendelea kwa sauti ile ile:

"Nkambo alisimulia na hili. Siku alipovunjika vidole, alikuwa amebeba mawe machache tu. Kapita yule alimtazama, akamfungia mafundo yote ya siku, apate posho. Kesho yake akampiga mwingine. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Liandike lote, Mwalimu, au usiandike kitu."

Tulitoka pale jua likitua, na hatukupita njia ya bandari.

Wasomaji wapenzi, juma zima hatukuligusa daftari. Tuliona ni rahisi kudai majina ya wabeba mawe katika vitabu vya Wazungu, na ni vigumu kuliandika jina la babu yetu katika daftari letu. Tulikuwa tumewahukumu waandishi walioficha jasho la watu weusi. Sasa nasi tulitafuta njia ya kuficha fimbo. Mama wa watoto wetu alituona hatulali. Tulipomweleza, hakutufariji sana. Alisema tu, "Ukilificha jina lake, utaficha na vidole vya mwenzake." Naye akaenda kupika.

Hapo tulikumbuka jambo lingine, nalo ndilo lililotuamsha. Ile meli Götzen haikubaki chini ya maji. Iliinuliwa baada ya vita, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, ikawachukua watu na mizigo yao kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita viliposhuka kutoka Uvira na Fizi, sisi na jamaa yetu tulivuka ziwa kwa mtumbwi, tukapokelewa na Watanzania, tukakaa kambini Nyarugusu. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliikodi Liemba kuwarudisha wakimbizi, nasi tulikuwamo. Usiku ule tulilala juu ya chuma cha meli iliyowahi kubeba mizinga ya vita, na ilikuwa ikitupeleka kwetu. Mtu aliyekuwa na shuka alimfunika jirani asiyekuwa nayo. Hakuna aliyeibadili historia ya meli ile wala aliyeificha. Ilikuwa meli ya vita, kisha ikatuchukua wakimbizi, na yote mawili ni kweli. Basi kama chuma chaweza kubeba kweli mbili, mjukuu wa kapita ashindweje?

Tulirudi kwa Padri tukamwomba wale watoto wa Kipaimara. Kila mtoto akapewa karatasi yenye maswali matatu ya kuwauliza wazee wa nyumbani: nani wa ukoo wetu aliyebeba, alibeba nini, na alirudi au hakurudi. Hatukuuliza habari za 1915 peke yake, maana pwani hii haikutulia baada ya hapo. Mwaka 1960, siku za kujitenga kwa Katanga, askari tisa wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliuawa huko Niemba, katika njia ya reli yetu, tarehe 8 Novemba. Majina yao yanakumbukwa kwao kila mwaka, na ni haki. Wabaluba waliokufa miezi ile, katika vijiji vile vile, nani asomaye majina yao? Mwaka 1964 waasi waliutwaa mji mwezi wa Juni, na jeshi likaurudisha tarehe 30 Agosti. Mara zote mbili walikufa watu, na katika nyumba nyingi hapa wapo wanaojua nani alizikwa wapi, wala hakuna aliyewauliza. Ikiwa Waireland wasiofika kumi wanakumbukwa, hilo si jambo la kuonea wivu, ni jambo la kuiga.

Watoto walirudi na karatasi zao. Nyingine zilikuwa tupu, kwa sababu wazee wamekwisha kufa au hawataki kusema. Lakini majina kumi na saba yalipatikana. Alikuwako mpiga makasia na fundi wa seremala. Alikuwako mama mmoja aliyewapikia askari wa pande zote mbili, maana wote walikuja na njaa ile ile. Yule msichana wa swali la kwanza alileta majina matatu, yameandikwa vizuri kuliko mwandiko wetu.

Ukurasa wa kwanza tuliwaandika ndugu wawili wa kijiji cha Lukuga, mmoja aliyerudi na vidole vilivyopinda, na mmoja aliyebaki njiani. Ukurasa wa pili tulimwandika babu yetu: kapita, mfunga mafundo, mpiga fimbo, aliyempa posho mtu aliyeumia. Hatukupunguza wala kuongeza. Majina yenyewe hatuyatoi gazetini, kwa kuwa ni mali ya jamaa zao. Daftari liko parokiani, na mwenye haki aweza kuliona.

Tarehe mbili Novemba, katika Misa ya Marehemu wote, majina yote yalisomwa. Tulikuwa tumeketi nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa hatukujua kama tungeweza kustahimili. Mama mwuza ndagala alikuja akaketi karibu nasi. Jina la nkambo yake lilipotajwa alipiga ishara ya msalaba. Lilipotajwa la babu yetu, alipiga tena.

Twawaandikia habari hizi, ndugu wasomaji, si kwa kuwa tumefanya jambo kubwa. Mwaka 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za ufukoni, watu wakahama na vitanda vyao. Tuliyaona mawimbi yakipita juu ya mahali tulipochezea utotoni, tukasema, hata jiwe halidumu. Wazee wetu ni dhaifu kuliko mawe. Ye yote aliyekuwa mtu mzima wakati wa uhuru, mwaka 1960, leo amepita miaka themanini. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anakwenda na kitabu kisichochapwa.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu tu. Enyi wanafunzi, ulizeni. Nanyi msiogope kumwuliza mwalimu swali asiloweza kulijibu, maana swali hilo ndilo zawadi. Enyi wazazi, simulieni hata yanayowaaibisha, kwa kuwa mtoto asiyeambiwa habari ya fimbo iliyo juu ya mlango atajivunia asichokijua. Nanyi wenzetu walimu, mkichora ziwa ubaoni na kuzileta mashua mbili juu ya milima, wachoreni na wale mama wenye mitungi.

Ile fimbo tuliitafuta baada ya Misa ile. Dada yetu alisema baba aliitupa ziwani mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa kwanza, wala hakusema kwa nini. Twadhani sasa twajua. Yumkini nayo iko huko chini, katikati ya mawe.